Nani Hulala Penye Joto? Kipupwe Katika Nyumba Zetu

Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa jumuiya ndogondogo na wajumbe wa halmashauri walei, Nyanda za Juu Kusini, mwanzoni mwa mwezi wa Mei



Tulipotangaza kwamba mada ya leo itahusu baridi, wapo waliouliza kama Tume ya Haki na Amani imekosa kazi. Wamezoea kutusikia tukizungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na mahabusu wanaokaa muda mrefu bila kesi zao kusikilizwa. Baridi, walisema, ni ya Mungu. Humpiga tajiri na maskini bila ubaguzi, na dawa yake ni blanketi. Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Baridi ya nje ni moja kwa wote. Baridi ya ndani ya nyumba hugawanywa, na wanaoigawa ni watu: mwenye nyumba, mwajiri, mkopeshaji, baba na mama wa familia, nasi sote tunaoamua nani alale chumba kipi na nani apewe blanketi lipi. Palipo na mgawanyo pana swali la haki, na swali hilo ndilo lililotukusanya.

Tutazame kwanza nchi yetu yenyewe, maana ndugu zetu wa pwani hawatuamini tukiwasimulia. Kadiri mtu apandavyo mlima, hewa hupungua joto kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Ufuko wa Ziwa Nyasa upo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo kule Makete, unaoitwa Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, unafikia mita 2,600. Basi ndugu wawili wa ukoo mmoja, huyu mvuvi kule ziwani na yule mkulima wa viazi huku juu, wanaweza kulala usiku mmoja katika tofauti ya nyuzi 12, ingawa katika ramani unaweza kuwafunika kwa kidole kimoja. Kuanzia Juni hadi Agosti, majira tunayoyaita kipupwe, upepo wa kusi hutuletea hewa ya baridi, na usiku katika Njombe, Makete na sehemu za juu za Mufindi joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Kule Kitulo hutokea sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani, na mkulima wa viazi hahitaji kuelezwa maana yake.

Yafaa tukumbuke pia kwamba usiku wenye baridi kali kupita yote si ule wa mawingu. Ni ule ambao anga ni safi na nyota zote zinaonekana. Mawingu ni kama shuka lililotandazwa juu ya nchi. Yasipokuwapo, joto lililokusanywa mchana hupaa na kupotea. Tutalirudia neno hili tutakapofika kwenye bati.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu nyumba na afya, na kwa nchi zenye majira ya baridi likataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha joto la ndani kilicho salama kwa watu wengi. Chumba cha nyuzi 10 hupandisha shinikizo la damu la mzee, humsumbua mwenye pumu, na humnyang'anya mtoto mchanga joto lake upesi kuliko anavyoweza kulizalisha. Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Tunayasema kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kulalamikia baridi ni udhaifu, na kwa imani hiyo wazee wetu hunyamaza.

Nani hulala wapi

Wajumbe wa Tume walipopita katika jumuiya, waliomba jambo moja tu: kuoneshwa mahali ambapo kila mtu wa nyumba hulala. Mtu akiulizwa mapato yake hujibu kwa tahadhari. Akiulizwa kitanda, hana la kuficha, maana jicho linaona.

Tuliyoyaona hayahitaji hesabu. Chumba cha wenye nyumba, mara nyingi, kina kitanda, godoro nene na blanketi mbili, nacho kipo katikati ya nyumba ambako upepo haufiki. Wavulana hulala chumba cha pembeni chenye dirisha lililozibwa kwa mfuko wa plastiki. Msichana wa kazi hulala jikoni au stoo, juu ya gunia lililotandikwa kwenye sakafu ya saruji, na blanketi lake ni lile lililokwisha kuchoka vyumbani. Huyo ndiye aamkaye wa kwanza kuwasha moto ili wengine waamke penye joto. Hatukuona nyumba ambamo jambo hilo lilifanywa kwa ukatili. Lilifanywa kwa mazoea, na mazoea ni magumu kuyashtaki kuliko ukatili. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake apate mahali pa kuishi penye staha na faragha. Sakafu ya jikoni mwezi wa Julai si mahali pa staha.

Kisha wapo bibi na babu. Nchi yetu hii iliumizwa sana na UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulionesha kwamba katika Mkoa wa Njombe maambukizi yalikuwa asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania wakati huo. Waliokufa ndio wale ambao wangepanda juu ya paa leo kugongomea bati lililolegea. Wamebaki wazee na wajukuu. Nyumba wanazozikaa zilijengwa na wana waliokwisha kuzikwa, nazo zinachakaa bila fundi. Bibi wa namna hiyo hulala karibu na mafiga, na mjukuu hulala karibu na bibi. Moshi wanaovuta usiku kucha ni bei ya joto wanalolipata.

Wapangaji nao wana habari yao. Katika miji yetu midogo ni jambo la kawaida mwenye nyumba kuwekea dari nyumba yake mwenyewe, na safu ya vyumba vya kupangisha uani ikaachwa na bati tupu. Kodi huongezwa kwa kuwa umeme umeingia; upepo unaopita juu ya ukuta hauhesabiwi. Katika mashamba makubwa, wafanyakazi hukaa katika nyumba za kambi zilizojengwa kwa vipimo vya mtu mmoja, nazo zikajazwa familia. Na tusiende mbali: mlinzi wa usiku wa duka, wa shule, wa majengo ya kanisa, naye ni mtu. Koti zito si zawadi ya kumpa siku ya Noeli; ni kifaa chake cha kazi kama vile tochi.

Jiko la mkaa

Hapa, ndugu wapendwa, tunawaomba usikivu wa pekee, maana hapa ndipo watu wanapokufa.

Kila mwaka miezi ya baridi inapofika, hutokea habari za watu waliolala wazima na asubuhi wakakutwa wamekufa chumbani, na katikati ya chumba pakakutwa jiko la mkaa lenye majivu. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yamezibwa kwa matambara ili baridi isiingie. Hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna kilichoibwa. Huonekana kama waliosinzia.

Kilichowaua ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hutoka katika kila kitu kinachoungua bila kupata hewa ya kutosha, na mkaa huitoa kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Moshi wa kuni angalau hubisha hodi: humtoa mtu machozi, akakurupuka na kufungua mlango. Hewa hii haibishi hodi. Inaingia mapafuni pamoja na hewa njema, kisha inafanya wizi. Damu yetu hubeba oksijeni kwa msaada wa himoglobini. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu. Anayekuwa macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, akili kuchanganyikiwa. Aliyelala hapati hata onyo hilo.

Yapo mazoea tunayopaswa kuyakanusha waziwazi. Watu husema mkaa ukikolea, ukawa mwekundu na moshi ukaisha, basi hauna madhara. Si kweli, kutokuwapo kwa moshi hakuoneshi kutokuwapo kwa sumu. Wengine huweka beseni la maji chumbani ili maji yanyonye ubaya wa jiko. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, na beseni hilo halimlindi mtu. Wengine huacha dirisha wazi kidogo, kisha upepo ukizidi hulifunga wakiwa usingizini nusu. Nao walioanza kupikia gesi wasidhani kwamba wameepukana na jambo hili: jiko la gesi likiachwa likiwaka usiku katika chumba kilichofungwa ili kuleta joto, nalo huweza kuua.

Mama aliyejifungua ndiye tunayemhofia zaidi. Mila zetu humfungia ndani, hufunika madirisha, na huleta jiko karibu na kitanda kwa nia njema kabisa, ili yeye na mtoto wasipigwe na baridi. Katika chumba hicho wapo watu wawili ambao hawatoki nje, na mmoja wao hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Njia iliyo bora ipo, wala haigharimu shilingi: mtoto avuliwe nguo isipokuwa nepi na kofia, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe. Hospitali zetu hufundisha njia hii kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kifua cha mama ni jiko lisilo na sumu, na mama akichoka, baba anacho kifua pia. Wapo akina baba watakaocheka wakisikia hivyo. Wacheke, kisha wafanye.

Mkiwakuta watu wamepoteza fahamu katika chumba chenye jiko, fungueni mlango na madirisha, watoeni nje haraka, nanyi msikae ndani mkijadiliana, maana sumu haichagui. Wapelekeni hospitali hata kama wamezinduka na wanasema wamepona. Mtu anayevuta hewa ya kawaida huchukua saa nne au tano kupunguza sumu hiyo kwa nusu katika damu yake. Akipewa oksijeni ya hospitali, muda huo hupungua hadi dakika 90 hivi. Familia ambayo wote wanaumwa kichwa kila asubuhi na kupata nafuu wakitoka kwenda shambani, isiende kununua vidonge. Ichunguze jiko.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Tume hii isikae kimya. Watu watatu wakikutwa wamekufa kitandani bila jeraha, kijiji hakingoji daktari. Maneno huanza kabla ya jua kupanda: wamelishwa sumu, wametupiwa kitu, na macho yanageukia nyumba ya kikongwe jirani ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka 60. Tanzania imekwisha kuwapoteza wazee wengi kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa akina mama wajane. Kiongozi wa jumuiya afikaye kwenye msiba wa namna hiyo ana wajibu wa kuuliza mbele ya watu wote: je, palikuwa na jiko chumbani? Madirisha yalikuwa yamefungwa? Kuku au paka waliolala humo nao walikufa? Aombe polisi na daktari waje kabla ya maiti kuoshwa, kwa kuwa damu ikipimwa huweza kuonesha sumu hii. Swali moja lililoulizwa mapema, kwa sauti ya utulivu, laweza kumwokoa mtu asiye na hatia.

Nyumba yenyewe

Tukiwaambia watu waache kuingiza jiko chumbani tukaishia hapo, tutakuwa tumewatwisha mzigo bila kuwapa kata ya kuubebea. Jiko huingizwa kwa kuwa nyumba haishiki joto. Hatuna budi kuitazama nyumba.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Tembe la Wahehe lilikuwa na paa la miti lililofunikwa udongo, lenye uzito na unene. Moto wa jioni uliingia katika kuta na paa, na usiku kucha joto lilirudi polepole. Nyumba ya nyasi nayo ilishika joto, maana kati ya nyasi na nyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Tulipohamia vijijini katika miaka ya 1970, na baadaye tulipopata fedha za mahindi, viazi, chai na mbao, tulipanda kutoka nyasi hadi bati. Hatuyalaumu mabati. Hayavuji, hayashiki moto, na mama hana tena kazi ya kukata nyasi kila baada ya miaka michache. Lakini tulibadili paa bila kuweka kitu cha kushika nafasi ya kile tulichokiondoa. Bati ni jembamba. Katika usiku wenye nyota hupoteza joto kuelekea angani hadi likawa la baridi kuliko hewa yenyewe, na mvuke wa pumzi zetu hugeuka matone juu yake. Yale maji yanayowadondokea watoto alfajiri, ambayo wengi hudhani ni bati linalovuja, ni pumzi yao wenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni dari. Joto hupanda juu, na chumba kisicho na dari ni chungu kisicho na kifuniko. Dari la mbao ni zuri, nasi tunaishi katikati ya misitu ya kupandwa ya misindano. Lakini asiyeweza mbao anaweza kushona magunia safi na kuyatandaza chini ya kenchi, mahali pasipo na moto wala taa ya mafuta karibu. Hata mkeka husaidia. Anayeweza chumba kimoja tu, akianze kile wanacholala watoto na wazee.

Kazi ya pili ni mianya. Hapa tutofautishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Upepo unaopenya chini ya mlango, pembeni mwa fremu na katika nyufa za tofali humpiga mtu alipolala. Huo uzibwe, kwa udongo, kwa chokaa na mchanga, kwa kitambaa kilichoviringishwa na kulazwa kizingitini. Lakini matundu ya juu ya ukuta, yaliyoachwa na fundi ili pumzi chafu itoke, yasizibwe. Chumba bila matundu hayo huwa na unyevu, huota ukungu, na kifua kikuu husambaa kwa urahisi kati ya wanaolala humo.

Kazi ya tatu ni sakafu, nayo husahauliwa kuliko zote. Mtu anayelala chini hupoteza joto kwa kuelekea chini hata akijifunika blanketi tatu, kwa sababu saruji hunyonya. Aliye na blanketi mbili na godoro jembamba atafanya vema kutandika moja chini yake. Nyasi kavu ndani ya gunia, maboksi yaliyokunjuliwa, chaga za mbao zinazoinua kitanda kwa kiasi cha shubiri moja: hivyo vyote ni joto, wala haviungui.

Wanaotarajia kujenga wangoje kidogo kabla ya kuchimba msingi, watazame jua. Sisi tupo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua letu huchomoza upande wa kaskazini ya mashariki, hupita kaskazini na kuzama kaskazini ya magharibi. Ukuta wa kusini haulioni kabisa tangu asubuhi hadi jioni. Basi vyumba vya kulala na madirisha makubwa vielekee kaskazini, na stoo, choo na ukuta wenye madirisha machache viwe kusini. Jambo hili halina gharama yoyote, ila lazima liamuliwe kabla ya tofali la kwanza. Watu wengi huelekeza nyumba zao barabarani, kana kwamba barabara ina joto.

Na anayehitaji moto ndani, kwa kuwa yapo maeneo ambako bila moto haiwezekani, ajenge dohani. Nyumba nyingi za zamani za misioni katika milima hii zina meko ukutani na bomba la moshi linalotokeza juu ya paa. Waliozijenga walitoka nchi za baridi, wakaijua kazi hiyo. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba tulirithi kutoka kwao kengele, vinanda na mashamba ya kahawa na matunda, lakini dohani ikabaki katika nyumba ya padre. Fundi anayejua kupanga tofali anaweza kuijenga. Inachotaka ni bomba lililonyooka, lipite juu ya kilele cha paa, na lifagiliwe masizi kila mwaka. Usiku, kwa wasio na meko, tofali lililopashwa moto jikoni na kuviringwa katika nguo nene, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, hutia joto kitandani hadi usingizi uje. Mawe ya mtoni yasitumike, maana maji yaliyomo ndani yake huweza kuyapasua motoni.

Blanketi la rehani

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imo sheria ambayo wengi huipita haraka. Inamhusu mtu aliyemkopesha maskini na kuchukua vazi lake kuwa rehani: aliagizwa amrudishie kabla jua halijazama, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika usiku. Sheria hiyo haikukataza mkopo, wala haikukataza rehani. Iliweka mpaka mmoja tu, nao ni usiku wa baridi. Deni laweza kungoja hadi asubuhi, mwili hauwezi.

Tunaisoma sheria hiyo tukikumbuka mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Akina mama hukopa fedha kidogo kwa riba kubwa, hulipa kila siku au kila wiki, na wakishindwa, hufuatwa nyumbani na vitu hubebwa. Kinachobebwa kwanza ni kile chenye soko: godoro, blanketi nzito, jiko la gesi. Yaani ndivyo vitu ambavyo vingeizuia familia hiyo kulala na mkaa. Hatuna uwezo wa kuzivunja taasisi hizo kwa maneno ya mada moja. Lakini vikundi vyetu wenyewe vya kuweka na kukopa, vile vinavyokutana baada ya ibada, vinaweza kuandika katika kanuni zao kwamba matandiko hayachukuliwi kuwa rehani, kipupwe wala masika. Na viongozi wakisikia kwamba godoro la mtu linabebwa jioni, waende. Kuwapo kwa mashahidi wawili wenye heshima hubadili lugha ya wadai.

Kuhusu nishati tutasema kwa ufupi. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya kaya ifikapo mwaka 2034. Tunaupokea kwa furaha. Moshi wa majikoni unaua watu wengi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 vilivyotokana na hewa chafu ya majumbani. Hata hivyo, huku kwetu jiko la mkaa lina kazi mbili, kupika na kuota. Mtungi wa gesi ukiingia nyumbani, kazi ya kwanza hupata mrithi na ya pili hubaki yatima. Mkaa huendelea kununuliwa kwa ajili ya chumbani, na huko ndiko unakoua. Wajumbe wetu walio katika serikali za vijiji na mabaraza ya kata waseme hivyo katika vikao: kwa watu wa milimani, dari na dohani ni sehemu ya nishati safi.

Sasa tunakuja kwenye kazi. Tunapendekeza kwamba kila jumuiya, kabla Mei haijaisha, ipite nyumba kwa nyumba ikiuliza swali lile lile tuliloliuliza sisi, yaani nani hulala wapi, na ianze na nyumba za wazee wanaoishi na wajukuu, wajane, na mama wanaotarajia kujifungua kati ya Juni na Agosti. Wenye nyumba za kupangisha tulionao humu kanisani, na mnajijua, tunawaomba mwekeeni dari chumba kimoja kila mwaka. Baada ya miaka michache safu yote itakuwa imekamilika, na mpangaji hatahama. Waajiri wa wasichana wa kazi wawahamishe kutoka jikoni usiku wa leo, wala si baada ya kikao kingine. Makatekista watangaze habari ya jiko la mkaa katika kila kigango Jumapili mbili mfululizo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu vikongwe wengi hawatasoma kijitabu hiki.

Mafundi seremala watatu wa parokia wamekubali kutoa siku zao za Jumamosi katika mwezi wa Juni bila malipo. Jumuiya zitatoa misumari, kamba na chakula cha mchana. Majina ya nyumba zinazohitaji dari yapelekwe kwa katibu wa halmashauri kabla ya Jumapili ya mwisho ya Mei, yakiwa yametajwa idadi ya wanaolala humo na urefu na upana wa chumba kwa hatua. Magunia ya kushonea yaletwe yakiwa yamefuliwa na kukaushwa juani. Yaliyowekewa mbolea ya chumvichumvi au dawa za mimea yasiletwe.